Tumbo silielewi: namna ya kulifuatilia, na lini umwone daktari

Wengi wanaofika zahanati kwa sababu ya tumbo hawana maumivu ya kuonyesha kwa kidole. Wanasema kuna kitu kinatembea, au tumbo linapigapiga, au linaunguruma hata wakiwa wameshiba, au linachoma chini ya chembe ya moyo kisha linaacha lenyewe. Wengine husema tu, "Tumbo silielewi." Mwongozo huu ni wa hao. Hautakutajia ugonjwa wako, maana hata daktari mwenye vipimo vyote huenda asiutaje siku ya kwanza. Utakusaidia kujua lipi la kukimbilia hospitali sasa hivi, lipi la kupangia wiki hii, lipi la kutazama ukiwa nyumbani, na ukikaa mbele ya daktari uanzie wapi.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Ukiwa na hata moja kati ya haya, nenda hospitali inayofanya upasuaji. Usipitie duka la dawa.

- Maumivu makali yaliyoanza ghafla, au yanayozidi saa baada ya saa bila kuachia.
- Tumbo limekakamaa, na hata shuka likiligusa unashtuka.
- Unatapika damu au matapishi ya rangi ya kahawa, au choo ni cheusi kama lami, kinanata na kunuka isivyo kawaida.
- Tumbo limevimba, choo hakipiti, hata ushuzi haupiti, na unatapika. Utumbo huenda umejisokota au umeziba.
- Ngiri uliyoizoea, ile inayotokeza kinenani ukikohoa na kurudi ukilala, leo imekataa kurudi na inauma.
- Macho yamekuwa ya njano na una homa ya kutetemeka.
- Umeanguka na bodaboda, usukani ukakupiga tumboni au ubavuni. Bandama iliyochanika inaweza kuvuja polepole, ukajiona mzima siku hiyo na kuzimia siku kadhaa baadaye.
- Mtoto mchanga analia kwa vipindi huku akikunja miguu, ananyamaza, anaanza tena, na choo chake kina damu iliyochanganyika na ute.
- Mvulana anasema tumbo la chini linamuuma. Muulize waziwazi kuhusu korodani, kwa sababu wengi huona haya kuzitaja. Korodani iliyojisokota huokolewa zaidi ikifunguliwa ndani ya saa 6 hivi.
- Mtoto mwenye selimundu ana tumbo linalouma, amepauka na amelegea.

Mambo matatu nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo yanayochukuliwa kuwa tumbo la kawaida hadi muda unapita.

La kwanza ni kidole tumbo. Mara nyingi hakianzi kulia kama watu wanavyodhani. Huanza katikati, kuzunguka kitovu, maumivu ya wastani tu, na hamu ya kula inakatika. Kutapika, kama kupo, kwa kawaida hufuata baada ya maumivu kuanza. Ndani ya saa 12 hadi 24 maumivu huhamia chini kulia na kutulia hapo. Kukohoa kunauma, na gari likipita tuta mgonjwa anashika tumbo. Mwambie mtoto aruke mara moja kwa miguu yote miwili. Akikataa, au akiruka na kujikunja, mpeleke. Usimpe dawa ya kumfanya aharishe, na usimpe chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji nusukaputi.

La pili ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mwanamke yeyote mwenye umri wa kuzaa anayeumwa tumbo la chini apime mimba kwanza, hata kama ana kitanzi, hata kama amefunga uzazi, hata kama anaamini haiwezekani. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na hupatikana karibu kila duka la dawa. Siku zimechelewa, maumivu yako upande mmoja, kuna matone ya damu, anahisi kizunguzungu: hiyo ni safari ya hospitali leo, si kesho. Kuna ishara moja inayowachanganya watu, nayo ni maumivu kwenye ncha ya bega. Damu iliyomwagika tumboni husumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho hutokea shingoni, basi ubongo unadhani bega ndilo linalouma. Tanzania, mjamzito mwenye dharura anaweza kupigiwa namba 115 ya mpango wa m-mama ili atafutiwe usafiri.

La tatu si la tumbo kabisa. Mshtuko wa moyo unaweza kujitokeza kama kiungulia kizito au kichefuchefu hapo kwenye chembe ya moyo, hasa kwa wazee, wanawake na wenye kisukari. Kama "gesi" imekuja na jasho jembamba, pumzi kukata, au uzito unaopanda taya au mkono, usikae ukisubiri kucheua. Mwenye kisukari ambaye tumbo linamuuma, anatapika, ana kiu kali na anapumua kwa kasi apimwe sukari mara moja.

Hatua ya pili: jua tumbo linaweza kukuambia nini

Ngozi ya kidole ina mishipa mingi ya fahamu, kwa hiyo ukichomwa mwiba unajua ni wapi hasa. Viungo vya ndani havina utajiri huo. Taarifa zake huingia kwenye uti wa mgongo kwa mafungu, nao ubongo hukisia. Tumbo lenyewe, ini, kifuko cha nyongo na kongosho husikika kwenye chembe ya moyo. Utumbo mwembamba na kidole tumbo, mwanzoni, husikika kitovuni. Utumbo mpana, kibofu na kizazi husikika chini ya kitovu. Uvimbe ukifika kwenye utando unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo, ambao una mishipa mingi zaidi, ndipo maumivu hupata mahali pake halisi. Ndiyo maana kidole tumbo "huhama".

Kwa hiyo mahali panapouma ni dalili moja tu, tena si ya kuaminika sana. Muda, namna maumivu yanavyokuja, na vinavyoandamana nayo vinasema zaidi.

Sasa tuje kwenye zile hisia za ajabu.

*Kitu kinatembea.* Utumbo mwembamba una urefu wa mita 6 hivi na haupumziki. Hubana na kuachia usiku na mchana, na siku nyingi huhisi lolote. Ukiwa na wasiwasi, umelala chali kimya, au umefunga choo, unaanza kuusikia. Wengi hudhani ni minyoo, na wengine hudhani ni mimba. Minyoo ipo kweli, lakini kwa kawaida haisikiki ikitembea. Pima choo, au meza albendazole ya miligramu 400 mara moja kama hukutibiwa karibuni (siyo katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba). Kama baada ya hapo hisia imebaki na huna dalili nyingine, kuimeza tena kila mwezi hakutaiondoa.

*Tumbo linapiga kama moyo.* Mshipa mkuu wa damu unapita nyuma ya kitovu. Mtu mwembamba akilala chali anaweza kuuona ukiinua ngozi, na hilo si ugonjwa. Hali ni nyingine kwa mwanaume aliyepita miaka 60, hasa mvutaji wa sigara au mwenye presha, anayehisi uvimbe unaodunda pamoja na maumivu ya mgongo. Huyo anahitaji ultrasound, na maumivu yakiwa makali ni dharura.

*Kujaa na kuunguruma.* Maharage, kunde, kabichi, vitunguu vingi na soda ndivyo vya kuanza navyo. Vinavyosahaulika ni maziwa. Watu wazima wengi katika ukanda wetu mwili wao umepunguza kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa; jamii za wafugaji kwa sehemu kubwa zimesalimika. Mtu anakunywa chai ya maziwa vikombe vitatu kwa siku kisha anatafuta dawa ya gesi. Acha maziwa kwa wiki mbili, kunywa chai ya rangi, uone. Mtindi mara nyingi hausumbui kama maziwa mabichi.

*Kuchoma upande mmoja, juu juu, kama ngozi imeungua ila haina kitu.* Nguo ikigusa inakera, na hisia inatoka mgongoni ikizunguka hadi tumboni bila kuvuka katikati. Tazama ngozi hapo kila siku. Huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi, ambao huuma siku kadhaa kabla malengelenge hayajatoka. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kijana anayeupata apime na VVU.

Hatua ya tatu: andika

Chukua daftari au simu. Kwa wiki mbili, kila tumbo linaposumbua, andika mistari miwili au mitatu. Usiandike "vidonda vimeamka". Andika kilichotokea, kwa mfano:

"Jumanne saa 4 usiku. Juu kulia, chini ya mbavu. Nilikula chipsi mayai saa 2. Lilinibana kama saa moja, likaenda hadi nyuma ya bega la kulia, nikatapika, likaisha."

Daktari akisoma hivyo atafikiria mawe kwenye kifuko cha nyongo kabla hajakugusa. Ungemwambia "nina vidonda" angekuandikia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ungerudi nyumbani na mawe yako.

Mambo ya kuandika: lilianza lini na lilikukuta ukifanya nini, linakuja na kuondoka au limekaa, chakula kinaliamsha au kinalituliza, choo kilikuwaje, cha mara ngapi na cha rangi gani, mkojo, siku ya hedhi, na kila ulichomeza, pamoja na dawa za mitishamba ambazo watu hawapendi kuzitaja mbele ya daktari. Andika pia kama linakuamsha usingizini. Tumbo linalosumbua mchana tu na kukuacha ulale halitishi kama linalokuamsha. Jipime uzito mwanzo na mwisho wa wiki hizo mbili, au angalia tundu la mkanda wa suruali.

Hatua ya nne: kagua kabati lako la dawa

Hapa ndipo ningeomba msomaji atumie muda mrefu zaidi. Vidonda vya tumbo vina sababu kuu mbili. Moja ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Nyingine ni dawa za maumivu za jamii ya diclofenac, ibuprofen na aspirini. Sababu ya kwanza ilikataliwa kwa miaka kabla ya kukubalika: mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe kwenye ukuta wa ndani wa tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Sababu ya pili tunaibeba wenyewe mfukoni. Mama anayemeza diclofenac kila asubuhi kwa ajili ya magoti, kisha anameza dawa ya kiungulia jioni, anajitibu ugonjwa anaojitia mwenyewe. Mwulize daktari dawa mbadala ya magoti. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumwuliza.

Metformin ya kisukari huleta gesi na kuharisha, hasa mwanzoni. Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kuwa cheusi, hivyo mjamzito anayevimeza asitishwe na rangi peke yake. Choo cha damu iliyosagika hunata na harufu yake huijui kwingine. Na Flagyl: ni dawa nzuri ya amoeba na giardia, lakini mazoea ya kuinunua kwa kila tumbo hayana msingi. Haitibu vidonda peke yake, wala mawe, wala ngiri, wala kidole tumbo.

Vipimo viwili vinahitaji tahadhari kwa sababu hufanywa mno. Kipimo cha damu cha H. pylori hutafuta kinga ya mwili, na kinga hiyo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa. Watu wametibiwa mara tatu kwa majibu hayo hayo. Omba kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi kama kipo. Kabla yake uwe umeacha omeprazole na ndugu zake kwa wiki mbili, na antibiotiki kwa wiki nne, la sivyo kinaweza kusema huna wakati unao. Ukimaliza matibabu, ambayo kwa kawaida ni ya siku 14, subiri angalau wiki nne ndipo upime kama amekwisha.

Kipimo cha pili ni Widal cha homa ya matumbo (typhoid). Jibu moja la Widal halitoshi kukuambia una typhoid, kwa sababu damu ya watu wengi wazima katika maeneo yetu huonyesha kinga hiyo. Kuotesha damu maabara ndiko kunakothibitisha. Kama huna homa na umeambiwa una typhoid "kidogo", uliza swali.

Hatua ya tano: amua utasubiri muda gani

Nenda ndani ya siku chache kama una homa isiyoshuka, macho ya njano bila homa, damu kwenye mkojo, maumivu ya kiunoni yanayoshuka hadi kinenani kwa mawimbi, au maumivu ya nyonga pamoja na uchafu usio wa kawaida ukeni.

Usipitishe wiki mbili kama unapungua uzito bila kutaka, umepauka na kuchoka, unakuta damu kwenye choo, umepapasa uvimbe, au umevuka miaka 40 na mwenendo wa choo umebadilika kwa zaidi ya wiki tatu. Mwanamke aliyekoma hedhi ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku asiambiwe ni unene. Apigwe ultrasound ya nyonga.

Chakula kinachokwama kifuani kina haraka yake ya pekee. Saratani ya umio, njia inayoshusha chakula tumboni, iko juu katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, na magharibi ya Kenya ni kati ya maeneo yanayojulikana zaidi. Huanza kwa nyama na ugali kukwama, mtu akashushia kwa maji. Baadaye anakula uji tu. Ugali ukikwama mara ya pili na ya tatu, omba kipimo cha kamera, hata kama una miaka 30.

Mwambie pia daktari umeogelea wapi. Kichocho cha utumbo kiko kandokando ya Ziwa Victoria, na cha mkojo kiko pwani, Unguja na Pemba. Kinaweza kukaa mwilini miaka mingi, kikaleta damu kwenye choo au mkojo na kuharibu ini au kibofu polepole. Ukiwa unaishi Ulaya au Marekani, taja utoto wako wa ziwani wewe mwenyewe, kwa sababu daktari wa huko huenda asikuulize. Dawa yake ni praziquantel, na dozi hufuata uzito.

Yaliyobaki, yaani gesi, kuunguruma, hisia ya kutembea, bila ishara yoyote iliyotajwa, yanaweza kusubiri wiki mbili hadi nne za daftari na mabadiliko ya chakula.

Hatua ya sita: mbele ya daktari

Anza na maelezo, acha jina la ugonjwa. Toa daftari. Sema dawa zako zote. Kisha uliza: unafikiria nini, unataka kuondoa nini, na kipimo hiki kitabadilisha matibabu yangu kwa namna gani? Swali la tatu litakuokolea pesa.

Kwa kawaida utaanza na mkojo, choo, picha kubwa ya damu na kipimo cha mimba. Ultrasound ni nzuri kwa ini, nyongo, figo na kizazi, ila haioni vidonda vya tumbo, na gesi huiziba macho. Kwa ya nyongo nenda bila kula kwa saa 6 hadi 8. Kwa ya kizazi kunywa maji mengi na usikojoe. Wengi hurudishwa nyumbani kwa kutojua hilo. Kamera ya tumbo huhitaji pia kufunga, na koo linauma kidogo siku hiyo.

Vipimo vikija safi, haina maana unajisingizia. Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu unaozungumza na ubongo muda wote, na kwa baadhi ya watu mazungumzo hayo huwa na kelele. Kama tumbo limeuma angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na maumivu yanafungamana na kwenda choo au choo kubadilika, daktari anaweza kukuambia una IBS, yaani utumbo mwepesi kukereka. Haigeuki kuwa saratani. Hutulizwa kwa kula kwa saa zilezile, kupunguza vyakula ambavyo daftari limevitaja, kutembea, kulala, na wakati mwingine dawa za kulegeza utumbo au za kutuliza mishipa ya fahamu.

Weka majibu yote kwenye faili moja na uende nayo kila unakohamia, ili usilipie kipimo kilekile mara mbili. Rudi kabla ya tarehe yako kama kimetokea kitu kipya: damu, homa, uzito kushuka, kutapika kusikokoma, au maumivu yaliyoanza kukuamsha usiku.